Timna wa Tekoa, Aliyeulizwa Anataka Kukaa Wapi

Mama yetu Timna alizaliwa Bozra, nchi ya Edomu, wakati wa mavuno ya shayiri, miaka ishirini kabla ya lile tetemeko la ardhi. Mama yake alikuwa mtumwa, naye akazaliwa mtumwa.

Shule yake ilikuwa kitanda cha kufumia nguo. Akiwa na miaka saba alijua kufuma. Akiwa na kumi, nguo zake zilivaliwa na watu asioruhusiwa kuwatazama usoni.

Mama yake alipofariki, hakubaki na wa kumuaga. Alitoroka, akavuka jangwa la Araba kwa siku nne, akaingia hapa kwetu Tekoa mwaka mmoja kabla ya tetemeko. Siku ya pili bwana wake akafika. Tulimjua. Ndiye aliyekuwa akinunua manyoya yote ya kondoo wetu.

“Nipeni mtu wangu niende zangu,” alisema langoni.

“Amekuja kwa miguu yake,” Mzee Asaya, mkuu wa mji wetu, alimjibu. “Sheria yetu haituruhusu kumrudisha.”

“Basi manyoya yenu mtayavaa wenyewe.”

“Tutayavaa.”

Kisha Mzee Asaya akamgeukia Timna. “Binti, unataka kukaa wapi?”

Timna aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeulizwa. Hata leo, waliokuwepo wakisimulia na kufika hapo hushusha sauti. Mwishowe akanyoosha kidole: “Pale panaponukia mkate.”

Palikuwa kwa mjane Hogla. “Mimi sikuulizwa,” Hogla alisema, “lakini aje. Mkate wenyewe umeungua.”

Miaka miwili manyoya hayakupata mnunuzi. Watu walinung'unika, ila hakuna aliyesema arudishwe. Timna akatufumia nguo, mpaka wanunuzi wakaja kutoka Hebroni kuzifuata.

Alipokwenda kumshukuru Mzee Asaya, alimkuta na mtumwa wake Talmai, Mwaramu, amemshikia fimbo.

“Na huyu, mzee, ameshaulizwa?”

Jibu lilimchukua miaka minne. Siku moja ya kukata manyoya, mbele ya wote, alimuuliza Talmai swali lile lile. Talmai akamwoa Timna, nyumbani kwa Hogla, mwezi huohuo. Waliishi pamoja miaka ishirini na tisa, hadi Talmai alipotangulia.

Mvua za mwaka huu zilimkuta mama na kifua kilichombana. Aliendelea kufuma hata akiwa kitandani mgonjwa. Alifariki alfajiri ya siku ya tatu ya mwezi wa Zivu, mwaka wa arobaini na moja baada ya tetemeko, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha wana wawili, Asaya na Pelati. Binti mmoja, Hogla. Na wajukuu saba. Ameacha pia watu kumi na wanne waliofika mlangoni kwake wakitoroka, akawafungulia. Baadhi yao wamesimama hapa kati yetu. Majina yao hayatasomwa, kwa kuwa mabwana zao bado wako hai.

Alale kwa amani pamoja na mama zetu.