Siku Benchi Lilipomjengea Kisilu Tovuti

Benchi letu liko mtaa wa Umoja, Nairobi, kando ya ukuta wa nyuma wa kanisa, pale Nasambu anapouza kahawa ya tangawizi jioni. Ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, na ukikaa mwisho wake wa kushoto unatakiwa kuwaonya wenzako kabla ya kusimama. Mimi ni Wakiuru, lakini hapa naitwa Sindano, kwa sababu cherehani yangu iko nyuma tu ya hilo benchi, na kwa sababu wanasema mdomo wangu unadunga. Sikatai. Ukisikiliza upuzi wa wanaume kila jioni huku unapinda suruali za sare za shule, lazima udunge mtu.

Wanaume wenyewe ni hawa. Kuna Mzee Ochola, ambaye tunamwita Waziri. Alifanya kazi kanjo, yaani halmashauri ya jiji, hadi akastaafu, na tangu hapo hakuna kamati ya harusi wala ya mazishi mtaani ambayo hajaiongoza. Kuna Mugo, anayeitwa Rangi, maana ndiye aliyeandika kwa brashi majina ya karibu maduka yote unayoyaona hapa. Kuna Griffins, anayeitwa Mabano. Yeye hutengeneza tovuti kwa kuandika mabano na alama, moja baada ya nyingine, na akianza kukueleza, kahawa yako inapoa. Halafu kuna Kisilu, muuza mbuzi wa Kiamaiko, ambaye hana jina la utani kwa sababu ni mpole mno na hajawahi kufanya kosa la kutosha kupewa.

Ijumaa ile Kisilu alifika akiwa na haraka ambayo si yake. Akatueleza kwamba kuna shule moja ya bweni inatafuta mtu wa kuipelekea mbuzi kila wiki. Mama anayenunua vyakula vya hiyo shule, anayeitwa Clare, alikuwa amezungumza naye kwa simu na kumwambia amtumie tovuti yake kabla ya jioni kuisha, ili yeye Clare amwonyeshe mwalimu mkuu. Kisilu hakuwa na tovuti. Alikuwa na mbuzi.

— Nimechoka kuuziwa mbuzi yangu na madalali, akasema. Nataka customer mmoja tu mwenye anajua jina yangu.

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia Kisilu akisema kwa mpigo mmoja, na yaliniingia. Akatoa simu na kutuonyesha programu aliyopakua, ile ya kujenga tovuti kwa kidole. Unachagua picha, unaivuta, unaiachilia unapotaka, basi. Hakuna kuandika alama zozote.

Griffins akaiangalia kama mtu aliyeonyeshwa chapati ya kununuliwa.

— Hiyo ni ya watoto, buda. Unavuta vitu hapa na pale, unafikiri umejenga.

— Na si imejengeka? nikamuuliza.

— Imejengeka kwa ploti ya mwenyewe. Kisilu, skiza. Hiyo ni keja ya kurent huko Kware. Unaweza sogeza kiti, unaweza badilisha pazia. Sasa jaribu kutoboa ukuta uone caretaker. Na siku ya kuhama unahama na kiti yako tu, nyumba inabaki.

Nikamwambia kwamba sisi sote hapo tumepanga nyumba na tunalala vizuri. Kisha nikamuuliza yeye angemaliza tovuti ya Kisilu lini, akiijenga kwa mkono wake.

— Nikipewa nafasi, miezi mitatu.

— Anaitaka leo.

— Basi shida ni ya Kisilu, si ya coding.

Mugo naye akaingia. Yeye hoja yake ilikuwa kwamba hizi programu zinafanya kila biashara ifanane na nyingine. Alisema zamani ukipita mtaani unajua kinyozi ni huyu na muuza mkaa ni yule kwa mwandiko tu, lakini sasa daktari wa meno na mwosha magari wana ukurasa mmoja, yule mzungu mmoja anayecheka, na kile kikombe kimoja. Alipoona tunamsikiliza akapanda gia. Akadai kwamba watu wa hizo programu wanachunguza vile kidole chako kinavyovuta, na kwamba kutoka kwa kidole wanaweza kujua una watoto wangapi.

— Wangu wanajua ni wangapi? Nasambu akauliza huku akimmiminia.

— Wako wanajua hadi majina.

Waziri alikuwa akikoroga kahawa yake, na Waziri akikoroga namna hiyo ujue anapanga hotuba. Alipofungua mdomo alisema hii kitu ya kuvuta na kuachilia ndiyo kanjo ilikosa miaka yote. Wangekuwa nayo, wangevuta Outer Ring Road kidogo upande wa mashariki, wakaachilia, msongamano ukaisha. Griffins akamwambia barabara haivutwi. Waziri akamjibu kwamba hata benki ilisemekana haiwezi kuingia kwa simu. Nasambu akataka kujua kama mtu anaweza kuvuta mti mmoja kutoka pale kwa kituo cha polisi auweke juu ya meko yake, kwa ajili ya kivuli. Mugo akasema kura zijazo zitapigwa hivyo, unamvuta mheshimiwa na kumwachilia kwa jaa la taka. Wakacheka hadi ubao ukainama. Kisilu peke yake hakucheka, alikuwa akiangalia jua.

— Wazee wangu, akasema. Giza inaingia. Nisaidieni.

Waziri akanyoosha mkono akachukua ile simu. Kisilu hakuweza kumnyima, na wewe pia hungeweza. Mama yake Kisilu alipofariki, ni Waziri aliyeongoza kamati, akatafuta basi, akamsindikiza marehemu hadi kwao Mwingi na kusimama kwenye kaburi lile hadi udongo wa mwisho. Mtu kama huyo akisema nipe simu, unampa.

Sasa sikiliza tulivyojenga. Programu ilitupa kurasa zilizotayarishwa tuchague. Ile ya hoteli yenye picha za nyama ilikuwa ya kulipia. Ya bure iliyokuwa nzuri ilikuwa na maua meupe pande zote, na tukakubaliana kwamba maua hayajawahi kumuudhi mtu. Mugo akaandika jina KISILU juu kabisa, herufi nyeusi zenye kivuli cha zambarau, maana hiyo ndiyo sahihi yake kwa kila kibanda. Kisilu akasema sasa tuweke mbuzi.

— Pole pole, Waziri akamwambia. Ulishaona wapi watu wakipewa nyama kabla ya maombi?

Hakuna aliyewahi kuona. Waziri akaeleza kwamba tovuti ni kama shughuli nyingine yoyote, watu wamealikwa, lazima kuwe na utaratibu, na nyama huja mwisho. Kwa hiyo tukaanza na maombi ya kufungua. Halafu tukaweka utambulisho wa kamati, kila mtu na cheo chake, na Griffins, ambaye alikuwa ametukana programu tangu mwanzo, akataka aandikwe Mshauri wa Teknolojia. Halafu yakaja maneno ya mwenyekiti. Waziri aliyasema kwa sauti, Mugo akayachapa, na hayakumchukua muda hata kidogo, maana ni maneno anayoyasema karibu kila Jumamosi:

— Kisilu alikuja kwetu akiwa kijana mdogo. Alikuwa mpole, aliipenda kazi yake, na hakuwahi kukosana na jirani. Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake.

Kisilu alisikiliza hayo macho yakiwa chini. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumsifu mbele ya watu. Nasambu akasema ni maneno mazito, akamwongezea kahawa ya bure, jambo ambalo sijaliona tena.

Baada ya mwenyekiti zikafuata salamu za akina mama, yaani mimi na Nasambu. Kisha picha ya sote kwenye benchi, ambayo Kisilu mwenyewe ndiye aliyeipiga, tukiwa tumenyoosha nyuso kama watu wa maana. Mwishowe tukaweka shukrani kwa wote waliosimama naye. Ndipo Waziri akatangaza kwamba mbuzi sasa wanaweza kuingia. Akabonyeza pale pa kuongeza sehemu, na programu ikamjibu kwamba sehemu za bure zimekwisha, na anayetaka nyingine alipe kwa dola.

— Caretaker ndiye huyo, Griffins akasema. Nilisema, hamkuskia.

— Toa kitu moja, Mugo akashauri.

Tukatazamana. Maombi hayatolewi. Kamati haitolewi ikiwa imekaa hapo. Waziri hakuuliza kuhusu maneno ya mwenyekiti na hakuna aliyethubutu. Wakanigeukia mimi kuhusu salamu za akina mama nikawaambia wajaribu waone.

— Mbuzi wataingia Jumatatu, Waziri akaamua. Mteja mzuri atauliza mwenyewe.

— Lakini Waziri, Kisilu akasema, mbuzi ndio...

— Nimeshatuma.

Na kweli alikuwa ameshatuma. Kisilu akachukua simu yake, akaaga kila mmoja kwa heshima, akaenda. Nilimwonea huruma sana, na nikajikasirikia kidogo, ingawa zile salamu zilikuwa zimetokea vizuri.

Kesho yake jioni benchi lilikuwa limepoa. Shule haikuwa imepiga simu. Kisilu alikuja moja kwa moja kutoka Kiamaiko na gamubuti zake na aproni yake ya kazi, akachukua kahawa, akasimama kando ya ukuta kwa sababu alisema ananuka. Waziri alikuwa akieleza kwamba shule hujibu polepole kwa sababu ya vikao. Griffins alikuwa akieleza kwamba tovuti ya kuvutwa kwa kidole hata Mungu haioni. Mugo alikuwa ameanza habari za satelaiti.

Hapo ndipo tukaona mama mmoja mgeni akija taratibu, akiangalia simu, kisha ukuta, kisha simu. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kubeba mfuko wenye mkate, sukari na majani chai. Alisimama mbele ya benchi akalinganisha nyuso zetu na ile picha, akaridhika.

— Habari zenu. Ni nyinyi ndio kamati?

— Ndio sisi, mama, Waziri akasema, akisimama bila kutuonya, na benchi likapiga kofi chini. Karibu.

— Naitwa Clare, natoka shuleni. Nilitaka kupiga ile namba yake nikaona si vizuri. Aliniambia anakaa Umoja, nikauliza watu huu ukuta wa kwenye picha uko wapi.

Akampa Waziri mfuko kwa mikono miwili. Akasema walisoma kila kitu, wakasoma maombi na yale maneno ya mwenyekiti, na mwalimu mkuu mwenyewe aliguswa. Akasema yule kijana walikuwa wamezungumza naye jana tu, ana sauti nzuri, ya mtu mwaminifu.

— Poleni sana, akasema. Mungu awatie nguvu.

Mimi nilikuwa na pini mdomoni na namshukuru Mungu sikuimeza. Nikaona maua meupe. Nikaona herufi nyeusi za Mugo. Nikaona sisi sote kwenye ile picha tumenyoosha nyuso, na mtu mmoja tu hayupo. Nikamtazama Waziri, naye alikuwa ameukumbatia ule mfuko kifuani. Griffins, aliye na jibu la kila kitu, alikuwa akichunguza chini ya kikombe chake.

— Sisi kama shule tungetaka kuchangia mbuzi wa siku ya mazishi, Clare akaendelea kwa upole. Shida ni kwamba tulikuwa tunamtegemea yeye. Kuna mtu mwingine mzuri wa mbuzi mnayemjua?

Waziri, ambaye ameongoza kamati nyingi kuliko nywele alizobaki nazo, alianza kupanga upya mkate na sukari ndani ya mfuko. Kahawa ilichemka ikamwagika kwenye jiko na Nasambu hakuigusa.

Kisilu akaweka kikombe chake juu ya ukuta. Akajipangusa mikono kwenye aproni, pande zote mbili, akasogea mbele.

— Unataka wa kilo ngapi, madam?

Clare aliitambua hiyo sauti. Nasambu alikuwa ameshamsogezea kiti.