Verna Kallio na Jina Ambalo Mashine Haikulipata

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mbele yenu, mimi Carl, mtoto wa kaka yake, niwaeleze shangazi yetu Verna alikuwa nani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Hancock, Michigan, mtoto wa pili wa mchimba shaba Arvo Kallio na mkewe Lempi, akasoma hapa hapa, kisha akavuka daraja kwenda chuo kikuu Houghton, alikohitimu hisabati mwaka 1973. Mwaka 1976 alifunga ndoa na Leonard Heikkinen, wakajaliwa binti mmoja, Sylvia.

Mwaka 1980 aliajiriwa na kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kufuatilia boti za wavuvi ziwani, na yeye ndiye aliyeandika kipande cha kupiga king'ora boti inapoacha kujibu redio. Oktoba 2003, Shangazi akiwa likizo akimuuguza Leonard, ofisi ilihamia kwenye kompyuta mpya, programu ikagoma kuunganishwa, yaani vipande vyake kufungwa pamoja viwe kitu kimoja, mashine ikilalamika kwamba jina la kipande kile limeitwa lakini halimo katika maktaba yoyote ya programu, yaani hifadhi ya vipande vilivyokwisha kuandikwa. Bosi wake, Doug Trembath, alipochoka kusoma kosa hilo, aliandika kipande kitupu chenye jina hilo hilo, kisichofanya lolote, mashine ikaridhika, kazi ikaendelea.

Tarehe 11 Novemba boti ya mvuvi Toivo Lahti ilinyamaza katika dhoruba, king'ora hakikulia, na Toivo hajapatikana hadi leo.

Shangazi aliporudi kazini alikigundua kile kipande kitupu. Maktaba yenyewe ilikuwepo, ila ilikuwa imeandaliwa kwa mashine za zamani, hivyo mashine mpya iliiruka kana kwamba haipo, naye akaiandaa upya kutoka kwenye maandishi yake ya awali, akaunganisha, akajaribu, king'ora kikalia ofisi nzima.

"Basi imepona, Verna," Trembath alimwambia. "Yaliyopita tuyaache."

"Mke wa Toivo bado anaacha taa ya barazani ikiwaka, Doug. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Shangazi alikwenda siku ile ile, akamweleza Aila Lahti kila kitu mlangoni.

"Kwa hiyo alinyamaza, na hakuna aliyejua?"

"Hakuna."

Aila alifunga mlango. Januari 2004 Shangazi aliachishwa kazi, akafundisha hisabati sekondari hadi alipostaafu mwaka 2016, lakini hata jikoni alikuwa akisimama ghafla, birika mkononi, na Sylvia akimuuliza, "Mama, unasikiliza nini?" alijibu, "Kimya."

Baridi ilipokwisha mwaka ule wa 2004, Aila alibisha hodi na mkate wa iliki. "Utanifungulia, au nile mwenyewe hapa nje?" Tangu hapo hawakuachana.

Februari 2022 Shangazi aligundulika ana saratani ya kongosho. Siku za mwisho alituuliza tena na tena, "Toivo kajibu?" nasi wa damu yake tukamwekea mto vizuri. Asubuhi ya tarehe 3 Mei Aila alimshika mkono.

"Kajibu, Verna. Yuko nyumbani. Lala sasa."

Akalala, na hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na wavuvi mliofunga boti zenu leo ili mje.

Shangazi, umekesha vya kutosha, pumzika kwa amani.