Hadithi ya Mchana ya Bi Mwanahija

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Ni mimi Scholastica, hapa studio, Lindi. Saa nne ya asubuhi imeshapita na jua limewaka kwelikweli. Nawaambieni ukweli, leo sina raha. Kipindi hiki nimekiendesha miaka, lakini leo mikono yangu ni ya baridi kama nimetoka kufua. Mtajua kwa nini.

Leo tunamkumbuka Bi Mwanahija Bakary, mwandishi wa vitabu vya watoto. Alizaliwa Kitomanga, akaolewa Kilwa Masoko, na Kilwa Masoko ndiko alikofariki mwezi uliopita, kwa presha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kama una mtoto shuleni, hapo kwako hakikosekani kitabu chake kimoja, kimechanika jalada. Yule fisi anayeogopa kuoga, ni wake. Yule mama ngedere aliyepotea sokoni, ni wake.

Sasa, wasikilizaji, nani kati yenu alikatazwa hadithi za mchana? Ee, naona mnacheka. Mimi nyumbani Milola nilikatazwa. Hadithi ni za usiku. Ukisimulia mchana, mama yako atakufa. Wengine waliambiwa wataota mkia, hao walipona kwa bei rahisi. Sisi tuliambiwa mama.

Mwanahija naye aliambiwa mama. Alikuwa mtoto mdogo, msimu wa korosho, wanaokota na wenzake mchana wa jua kali. Wenzake wamechoka, wamenuna. Akawasimulia hadithi. Wakacheka, kazi ikaenda. Msimu ule haujaisha, mama yake, Bi Kadija, akashikwa na homa. Akafariki.

Na pale msibani, shangazi mmoja akamwambia yule mtoto, "Si ulisimulia mchana wewe?"

Basi. Neno moja tu. Shangazi akaendelea kupakua wali. Mtoto akabaki nalo miaka yote. Jamani, midomo yetu!

Aliendelea kupenda hadithi, lakini kwa woga. Mchana aliandika, kwa sababu kuandika alikuona si kusimulia. Lakini vipi kama maneno yangemponyoka? Binti yake, Sauda, ananiambia hivi: "Mama akiandika anaweka korosho moja shavuni. Haitafuni. Ipo tu, imzuie asitamke. Sisi watoto tukimwita, anaitikia kwa kichwa. Ukimwona shavu limevimba, unajua leo kuna fisi humo."

Shule zilimwalika aje awasomee watoto. Hakwenda kusoma hata mara moja. Shule ni mchana. Alipeleka vitabu, akasalimia, akakaa nyuma. Mwalimu akianza kusoma, yeye huyo, ametoka nje. Mwalimu Benedicto wa shule ya Tingi anasema, "Tulidhani anaringa. Tulisema mama wa watu amepata jina, hataki vumbi letu." Kumbe mwenzenu anaogopa. Mama yake alishakufa, lakini safari hii mama wa kufa angeweza kuwa yeye mwenyewe, kawaacha watoto wake nyumbani, au Sauda, naye keshakuwa mama wa watu.

Nimevirudia vitabu vyake vyote wiki hii. Kila kitabu, mama anatoka. Anakwenda shamba, anakwenda sokoni, anapotea. Na kila kitabu, mama anarudi. Hakuna hata kimoja ambamo hakurudi. Nilikifunga cha mwisho machozi yananitoka, sina haja ya kuwaficha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka jana Sauda alikuwa mjamzito. Uchungu ukamshika, mtoto hatoki. Wakamleta hospitali hapa Lindi, akaingizwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa mchana, adhuhuri imeadhiniwa sasa hivi. Nje uani wamekaa watu watatu: Bi Mwanahija, mkwe wake Ibrahimu, ndiye mume wa Sauda, na mjukuu wake Zakia, mtoto wa Sauda, bado yuko chekechea.

Zakia analia. Analia mpaka sauti imekauka. Akasema, "Bibi, nisimulie hadithi."

Bibi akasema, "Usiku, mjukuu wangu. Usiku nitakusimulia."

Mtoto akamuuliza, "Usiku mama atakuwepo?"

Wasikilizaji wapendwa, jiwekeni pale. Mwanao yuko ndani, anapasuliwa. Mtoto wake amekushika nguo. Na wewe umeamini tangu utotoni kwamba hadithi ya mchana inaua mama. Safari hii mama mwenyewe ni binti yako.

Ibrahimu anasimulia: "Nilimwona anafungua mdomo, nikashtuka. Nikamwambia, mama, mchana huu! Akaniambia, niache baba. Nilinyamaza maisha yangu yote, je, mama yangu alirudi? Kisha akaanza. Macho yako mlangoni. Kila mlango ukifunguliwa, ananyamaza. Ukifungwa, anaendelea. Mimi nilitaka kukimbia, Wallahi."

Hadithi ikaisha. Mlango haukufunguliwa. Akaanza nyingine. Zakia akalala mapajani, na bibi akaendelea kusimulia peke yake, kwa sababu sasa aliogopa kunyamaza.

Muuguzi akatoka. Mtoto wa kiume, mzima. Mama je? Mama hajaamka. Wakasubiri. Alasiri ikaingia, bado wanasubiri. Ndipo Sauda akafumbua macho, akaomba maji.

Alhamdulillahi. Na mimi nilipumua hapo, ingawa nilishajua mwisho wake.

Baada ya hapo Bi Mwanahija alikuja hapa studio, mchana, akarekodi hadithi moja. Lakini woga hautoki mara moja kama nguo. Alitoa sharti: Sauda akae mahali anapomwona. Kabla ya kuanza, anamuuliza kama yupo.

Hiyo rekodi ndiyo nitakayoweka leo. Ibrahimu aliniomba nisubiri magharibi. Sauda akasema hapana, iwe mchana. Wamekuja wote, wako hapa nami. Zakia amemkamata mama yake mkono tangu waingie, hataki kuuachia. Ameninong'oneza, "Shangazi, mama hatakufa?" Nimemwambia hapana.

Kwa Sauda, Ibrahimu na familia yote ya Kilwa na Kitomanga, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Mwanahija mahali pema. Na sisi tuliobaki, tukikaa msibani, tutazame kwanza ni mtoto gani amekaa karibu anatusikiliza, ndipo tuseme.

Kwenye rekodi, Sauda anamjibu mama yake. Leo ameomba jibu lile likatwe, ajibu mwenyewe hapa, Zakia amsikie. Fundi wetu Musa amelikata. Waiteni watoto, wasogee redioni.

Musa, weka.

"Sauda, upo?"

"Nipo, mama. Simulia."