Kisima Kilichosukumwa Nje ya Ukuta

ATHMAN: Haloo? Nani huyu? Fahmi?

FAHMI: Ndimi, Bwana Athman. Asalaam aleikum—

ATHMAN: Waaleikum salaam. Niko gatini Mtangawanda, boti yapakia. Ile picha kongwe ya mamangu kisimani, tayari? Kikao cha kesi ya kiwanja ni saa nane, pale pale kiwanjani!

FAHMI: Tayari... ila ina noma kidogo.

ATHMAN: Noma gani? Wasema wajumbe watavaa miwani, waone kana kwamba wamesimama uani petu. Yule mwenye hoteli jirani kakifukia kisima, sasa adai kilikuwa nje ya ukuta, si chetu!

FAHMI: Miwani yataka picha mbili, kila jicho na yake. Tunayo moja. Ya pili imetengenezwa na kompyuta, nayo umbali haipimi. Inakisia.

ATHMAN: Yakisia nti, ardhi yangu?

FAHMI: Buibui la mama ni jeusi, na mlango nyuma yake una giza. Kompyuta imeona ni kitu kimoja. Mama kazama mlangoni, bega limevutika kama— [mtandao unakwaruza] —na kisima kimesukumwa nyuma.

ATHMAN: Nyuma wapi?

FAHMI: ...Nje ya ukuta.

ATHMAN: Ala! Miaka arubaini nagombana na ramani zao, leo weye wanichorea—

FAHMI: Si mimi! Nipe kipimo, nirekebishe kwa mkono. Kizingitini hadi kisimani, hatua ngapi?

ATHMAN: Kumi na nane. Nalibeba maji kila alfajiri. Sisahau!

FAHMI: Ngoja... [anabonyeza] Lo. Kimetoka nje zaidi.

ATHMAN: Waniita mrongo?

FAHMI: Hasha. Ulikuwa na umri gani, Bwana?

ATHMAN: Sita... saba.

FAHMI: Na ndoo kichwani?

ATHMAN: Imejaa. Naenda kwa hatua fupi, maji yasimwagike...

FAHMI: Basi hizo ni hatua za mtoto, Bwana Athman.

ATHMAN: Kumi na nane nimeiandika katika kila barua, Fahmi. Kila baraza. Wapimaji wakaja na miguu yao mirefu, wakahesabu, wakapita ukuta. Wakacheka.

FAHMI: Nikiweka kumi, kinarudi ndani. Niweke?

ATHMAN: Usikisie! Kukisia kumetosha. Msingi wa ukuta upo, kizingiti kipo... Hadil wako ana miaka mingapi?

FAHMI: Saba. Kwani?

ATHMAN: Mtoe chuoni kwa maalimu. Na ndoo ya maji, ijae— nakuja, nahodha, nakuja! —aanze kizingitini, ahesabu kwa sauti, wote wasikie.

FAHMI: Na picha?

ATHMAN: Iache. Lete sururu. Zikitimia kumi na nane, hapo hapo tuchim—

FAHMI: Haloo? Bwana Athman? ...Salio lake limekwisha. [mlangoni pa chuo] Hadil! Hadil, njoo, binti yangu!