Sauti ya Diwani Wetu Inafika

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya. Waheshimiwa madiwani mliofuatana naye. Mama yetu diwani. Wazee, kina mama na vijana wa mtaa huu: tunawasalimu kwa heshima, na tunaomba radhi kwa uhaba wa viti. Vilivyopatikana wamepewa wageni. Sisi tumezoea kusimama.

KARIBU KWETU

Mheshimiwa, umekuja kuzindua mtaro. Karibu uutazame utakavyo, hata uuinamie, haunuki. Mwaka jana ungepita hapa na kitambaa puani. Leo maji yanapita chini, watu wanapita juu, na hakuna anayemwingilia mwenzake. Tunajivunia mtaro huu kama mtu anavyojivunia mtoto aliyefaulu, na mzazi wake tunamjua. Ndiye huyo aliyeketi kushoto kwako, mwenye shali shingoni.

TULIKOTOKA

Hatufichi: mtaa wetu ni wa makelele. Wapo mafundi bati, ipo mashine ya kusaga, lipo duka la redio, na wapo wachuuzi ambao tangu wazaliwe hawajasema jambo taratibu. Watoto wetu wakienda shule huulizwa kwa nini wanapiga kelele, nao hushangaa, maana wao wanajua wanaongea tu.

Katikati ya zogo hilo diwani wetu alianzisha desturi yake. Kila Jumamosi husimama kwenye ngazi za ghala la soko na kutueleza ya baraza. Tena huanza na alichoshindwa. "Jamani, taa za barabarani nimeshindwa. Hoja ilipigiwa kura, ikaanguka. Sasa sikieni nilichopata." Viongozi tuliowazoea huanza na walichopata, na huishia hapo hapo.

Kisha yakaja maradhi ya koo. Alipasuliwa, akapona, Mungu ashukuriwe, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono. Tulimletea kipaza sauti, kikapaza pumzi na kikohozi, na maneno yakamezwa na nyundo za mafundi. Ndipo tukampa msemaji, mnadi wa mitumba, ambaye kwa koo lake tunamwita Tarumbeta. Yuko pale mbele, na koti alilovaa litauzwa kesho. Ikawa mama akinong'ona, Tarumbeta anapaza.

Lakini mnadi ni mnadi. Hajui kutangaza kitu kibovu. Jumamosi moja mama alimwambia sikioni, "Lori la taka limeharibika. Waambie wiki hii wasitoe taka nje." Tarumbeta akautazama umati, akaona haya kuwapa watu habari kavu namna ile. Akanadi, "Lori linakuja! Tena si moja, mawili!" Mama alimvuta shati, lakini nani amzuie mnadi aliyekwisha kushangiliwa? Tukatoa taka zote barabarani. Waliofaidi ni nzi. Matusi aliyapata mama.

Jumamosi iliyofuata alipanda ngazi peke yake. Tuliona midomo ikicheza, basi. Walio nyuma wakapiga kelele, "Hatusikii!" Muuza mkaa, mama ambaye hata vibaka humwamkia, akageuka.

"Mtasikiaje, na nyinyi ndio mnaosema? Fungeni midomo yenu hiyo!"

Tukaifunga. Fundi bati mmoja akaweka nyundo chini, wenzake wakamfuata. Mwenye mashine ya kusaga akaizima na unga ukiwa nusu njia. Redio zikakatwa. Tukamsikia mama, mpaka aliyekuwa kwenye kona ya mwisho akamsikia.

"Nilichoshindwa wiki hii," alisema, "ni kuwaambia ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe."

Tarumbeta alilia mbele za watu. Hatumcheki. Basi, tunamcheka kidogo.

TUNALOJIVUNIA

Tangu siku hiyo hatujampa msemaji mwingine. Mama akipanda ngazi, mtaa mzima unanyamaza, na anayetaka kuuliza hungoja zamu yake. Ni katika ukimya huo alipotuambia kwamba mtaro umepitishwa, ila vibarua ni wachache na mvua haiko mbali. Hakutusihi. Tulikwenda kutafuta majembe wenyewe, na mtaro ukawahi mvua.

Tunasikia hata ugomvi wa majumbani umepungua. Mtu akishazoea kumwachia mwenzake amalize anachosema, tabia hiyo huenda nayo mpaka nyumbani. Mheshimiwa, mitaa mingine itakuonyesha majengo. Sisi tunakuonyesha mtaro na namna tulivyojifunza kunyamaza, na hatujui kipi kilitutoa jasho zaidi.

LINALOTUKWAZA

Habari zimetufikia kwamba barazani lipo pendekezo la kumwomba mama apumzike, kiti chake apewe mwenye sauti, kwa kuwa ya kwake haifiki. Jambo hili limetuumiza.

Tulituma wenzetu wakae kwenye viti vya wasikilizaji. Wamerudi na habari kwamba vipaza sauti vipo, tena vizuri kuliko chetu. Ila mama alipoinuka, huku mmoja alikuwa anasimulia harusi, kule mwingine anaongea na simu, na aliyeongoza kikao akasema, "Mama, hatukusikii. Kaa tu, utatuletea kwa maandishi." Jina la aliyeongoza kikao hatulitaji. Mgeni haaibishwi ugenini.

OMBI LETU

Hatuombi gari wala mashine. Msemaji wa mama pia hatuombi. Tulikuwa naye, na mmeshasikia yaliyotukuta. Tunaomba jambo moja tu: mama akiinuka, baraza linyamaze mpaka aketi. Tunaamini si kazi kubwa kwa watu wazima wenye elimu zao, maana wachuuzi wameiweza.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja. Mungu akupe afya, aubariki mtaro huu, na awajalie wote wanaotuongoza masikio mapana. Salamu za mtaa hatukuziandika humu, kwa sababu diwani wetu atakupa mwenyewe. Tukishataja jina letu hutasikia makofi wala vigelegele. Usidhani tumekosa adabu. Tutakuwa tunamsikiliza.

Ni sisi,
wakazi, wachuuzi na mafundi wa mtaa wa soko.