Ombi la Waliosafisha Darasa la Tano

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi Édouard, Papa Gaston, mwalimu wa chuo cha ualimu, walimu wetu, ninyi wanafunzi wa ualimu mnaomaliza mazoezi yenu hapa leo, na wazazi wenzetu:

Siku ile ulipokuja kukagua somo la mademoiselle Laure, mmoja wa wanafunzi hawa wa ualimu, wa kwanza kuona kwamba kuna jambo alikuwa Rosalie, huyu anayekusomea. Alikuwa nje na ndoo, ametoka kumwagia maji vumbi la uwanja. Alimwona Laure akiingia darasani, na kabla hajawaitikia watoto waliosimama kumsalimu, akatazama dirisha. Kisha akaweka chaki mezani polepole, kama mtu anayeweka yai. Wewe ulikuwa unafuta miwani yako. Rosalie aliona, lakini hakujua ameona nini. Leo tunajua sote, ndiyo maana tumeomba nafasi ya kusema.

KARIBU KWETU

Tunajua gari lako limeishiwa mafuta Kamatanda na safari umeimalizia kwa miguu. Viatu vyako vinasema. Wengine wangegeuza njia. Asante kwa kuja. Maji ya kunawa yapo, na kiti ulichokalia tumekijaribu.

SHULE ILIVYOKUWA NA ILIVYO

Shule hii ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa machimbo ya chokaa na wa viwanda vya mjini. Baba zetu waliikuta na vioo madirishani, ramani ukutani, na kabati la sayansi lenye ufunguo. Kazi zilipoanza kufa, vioo viliondoka, halafu kabati, halafu mlango. Walimu nao wengi, waliohesabiwa si wenyeji wa hapa, waliondoka kwa treni katika miaka ile ambayo hapa hatupendi kuitaja. Wengine tuliwabebea mizigo hadi stesheni. Wengine hatukuwaaga.

Tangu hapo sayansi ikawa kitu cha kunakili ubaoni. Watoto waliandika kwamba chuma hushikwa na kutu, wakiwa wamekaa chini ya mabati yenye kutu, na hakuna aliyeinua kichwa.

TULICHOPATA

Mwaka huu Papa Gaston alituletea wanafunzi wake wa ualimu, akatuomba tuwalaze nyumbani kwetu. Aliwaambia mbele yetu kwamba shule nyingi watakazopewa hazitakuwa na maabara, basi wajifunze hapa kufundisha bila maabara. Siku ya kwanza aliwatuma wapite nyumba kwa nyumba, wakiuliza watu wanatupa nini.

Laure alifika kwa Mama Élisabeth, mkubwa wa kamati yetu ya wazazi, akaomba mikebe mitupu ya nyanya. Mama Élisabeth alimtazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Mutoto wa chuo anaomba mikebe? Habakukupatia bintu bya kufundishia?"

"Balinipatia weye, mama."

"Basi balikudanganya."

Lakini mikebe alimpa. Laure akaipanga kwenye dirisha la darasa la tano. Katika mmoja alitia msumari na maji. Katika wa pili, msumari na maji yaliyochemshwa, juu yake mafuta ya mawese ili hewa isiingie. Katika wa tatu, msumari mkavu na bonge la chokaa iliyochomwa, ile ya machimbo ya Kakontwe, kisha akaufunika vizuri, kwa maana chokaa hiyo hunywa unyevu wote. Pembeni aliweka vipande vya bugali iliyobaki mezani, kimoja pakavu na kimoja penye unyevu, na maharagwe juu ya kitambaa.

Halafu hakueleza kitu. Aliwauliza watoto wanadhani itakuwaje. Elikia akasema msumari wa kwenye chokaa ndio utakaoliwa kwanza, kwa sababu chokaa imekula mikono ya baba yake. Jessy akamwambia baba yake si msumari. Waligombana hadi kengele ikalia, na jioni waliugombanisha mtaa mzima. Wazazi ambao hawajawahi kuuliza mtoto amesoma nini, walianza kuuliza msumari umefikia wapi. Mgeni rasmi, hayo ndiyo mafanikio yetu. Hatuna jengo la kukuonyesha.

SHIDA ILIYOTUPATA

Wewe unajua desturi ya hapa. Mgeni akija, hata kama ndani hamna chakula, nyumba hupakwa chokaa na uwanja hufagiliwa. Tuliposikia mkaguzi anakuja, Mama Élisabeth alituita mapema asubuhi ile, wakati Laure amekwenda kuteka maji. Mama alipofika dirisha la darasa la tano akashika pua.

"Hii bugali ya kuoza inafanya nini hapa? Inspecteur atasema bantu ba hapa beko bachafu."

"Labda ni ya masomo," akasema mmoja wetu.

"Masomo ya kuoza? Toa."

Tukatoa. Bugali tuliwapa bata. Maharagwe yalikuwa yamechipua vizuri, tukaona ni huruma yakae kwenye kitambaa, tukayapanda nje. Maji tukamwaga. Mikebe tuliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, tukaitia maua na kuipanga palepale. Misumari ni kitu adimu siku hizi, kwa hiyo Papa Jean, fundi wetu, aliitumia kukaza benchi la nyuma lililokuwa linayumba, ili upate pa kukaa. Tulipomaliza tulisimama mlangoni tukajisifu.

Wewe ukaja, ukasifu maua. Laure akawaambia watoto wafungue madaftari, leo ni siku ya kutazama misumari. Watoto wakatazama maua. Jessy, ambaye hajui kunyamaza, akasema: "Mademoiselle, misumari iko pa banki ya nyuma. Papa inspecteur aliikalia."

Ulimwambia aache utundu. Sisi nyuma ya dirisha tulicheka, hatujui tunacheka nini.

Laure alichora mikebe ubaoni, akafundisha kwa michoro. Ulipomuuliza vifaa vyake viko wapi, alijibu kwamba havipo. Nawe ukaandika kwamba somo halikuandaliwa, na kwamba shule hii haifai kwa mazoezi ya walimu. Kwa ulichokiona, uliandika sawa. Hatukulaumu.

Baada ya hapo watoto walitueleza tulichotupa, tukamfuata Laure bombani, tukamuuliza kwa nini hakututaja. Alitutuliza, "Haina kintu, ba mama. Mulitaka mugeni aone muzuri." Mama Élisabeth aliketi chini palepale, na watu wa hapa watakwambia mama huyo haketi chini ovyo.

TUNAYOOMBA

Tunaambiwa kwamba bila alama ya somo hilo Laure hapati diplome yake. Alilifanyia kazi majuma kadhaa, na sisi tulilifuta kabla ya kengele ya asubuhi. Hatuombi umhurumie wala umpe alama ya bure. Tunaomba ulione somo.

Mikebe imerudi dirishani. Papa Jean aling'oa misumari, akaikwaruza hadi ikawa safi, na tangu hapo imeachwa ifanye kazi yake. Mama Élisabeth ameweka zamu ya kulinda chumba, na hata yeye haruhusiwi kuingia na fagio. Bugali ina harufu, utatusamehe. Watoto wa darasa la tano wameketi wanakungoja, na Elikia bado hajakubali kushindwa. Kabla hujala, tafadhali ingia humo, benchi la mbele. Ukikuta kweli somo halikuandaliwa, acha ulichoandika kibaki kama kilivyo.

La pili, tunaomba chuo kisiache kututumia wanafunzi wake. Kama shule hii haifai kwa mazoezi kwa sababu haina kitu, basi wataenda kuzoea wapi kufundisha pasipo na kitu? Zimejaa shule kama hii, kuanzia hapa hadi Buluo na mbele zaidi. Vitanda tutatoa. Mikebe tutatoa. Na kabla ya kusafisha, safari hii tutauliza.

DUA

Mungu akuongoze salama hadi nyumbani kwako, na akupatie mafuta ya gari njiani. Ampe Papa Gaston nguvu za kutembea na vijana hawa. Awape vijana hawa shule zenye watoto wanaobisha.

Ni sisi, wazazi na majirani wa shule ya njia ya Kakontwe, Likasi, Juni 1998.

Maneno ya wote yameishia hapo. Lililobaki ni la Rosalie peke yake, nalo si la mkaguzi. Amekuwa akilala chumba kimoja na Laure tangu mvua za Februari, na hajalisema, kwa sababu mwalimu wa hapa hula alicholeta mzazi, na kumwomba mtu abaki ni kumwomba ashinde njaa pamoja nasi. Waliofaulu huenda Lubumbashi, na hakuna wa kuwalaumu.

Mademoiselle Laure, ukipata diplome yako, usiende. Minye, Rosalie, niliachia masomo ku mwaka ya ine. Niko nataka kuanza tena, na niko nataka nianzie kwako.