Shimo la Hatua ya Sita: Tunamkumbuka Mama Zeeshan wa Kalangalala

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Gulnar Lalji, Mama Zeeshan, wa Kalangalala, Geita mjini. Alifariki Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wengi mlimjua. Alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya duka lake la vitambaa. Na asiniambie mtu kwamba gemu ni mambo ya kitoto. Sikilizeni kwanza.

Kaka yake alikuwa mfanya usafi kwenye kampuni ya gemu ng'ambo. Siku moja aliambiwa atupe boksi la takataka. Ndani akakuta kaseti ya gemu isiyo na picha wala jina juu yake. Akaiomba, akapewa, akamtumia dada yake.

Ilikuwa gemu ya kuruka. Mtu mdogo mwenye kofia ya kijani anakimbia, anaruka mawe, anapanda ngazi. Lakini ilikuwa na maajabu. Hatua ya tatu haikuwa na muziki. Hatua ya nne, mbuzi walitembea angani. Na hatua ya sita ilikuwa na shimo. Kila aliyeruka alitumbukia, akafa. Narudia: kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuna aliyevuka shimo la hatua ya sita.

"Mama alikuwa anapika huku anawaza lile shimo," anasema mwanawe, Zeeshan. "Ananiuliza, hivi huko mbele kuna nini?"

Mwaka jana Zeeshan alituma picha za kaseti kwa mtaalamu wa gemu za zamani. Jibu likamshtua. Gemu hiyo haikuwahi kuuzwa popote. Ilikuwa ya majaribio, kazi iliyoachwa njiani, na huenda hakuna nyingine duniani. Mtaalamu akaonya: msiiwashe kabla haijanakiliwa, imechoka, itafutika. Zeeshan akaificha, akaanza kutafuta fundi wa kuinakili.

Lakini Mama Zeeshan alikuwa anaumwa figo, na alijua siku zake si nyingi.

"Leta kaseti," akamwambia mwanawe.

"Mama, itafutika."

"Na mimi je? Mimi nimenakiliwa?"

Ikaletwa. Siku hiyo alikuwepo Doto, mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, mteja wake tangu ujana. Alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mayu," alisema Doto. Kwa Kisukuma, mayu ni mama.

"Marahaba. Shika pedi ya gemu, vidole vyangu vimevimba. Na leo usinitie aibu, unavyopenda kufa mapema!"

Doto akafika shimoni. Akasimama. Akaanza kucheka.

"Mayu, tumekuwa wajinga. Miaka yote tunaruka. Duarani nani anaruka?"

Duara, wasikilizaji, ni shimo la wachimbaji. Mchimbaji haliruki. Anabana ukuta, anashuka pole pole. Doto akambana yule mtu mdogo ukutani, akamshusha hivyo hivyo. Hakufa! Chini kulikuwa na mlango.

"Mama alinishika mkono mpaka ukauma," anasema Zeeshan.

Nyuma ya mlango kulikuwa na nusu ya anga. Nusu nyingine nyeusi tupu. Ukuta uliojengwa mpaka kiunoni. Ngazi isiyofika popote. Hakuna adui, hakuna zawadi. Doto akanyong'onyea. Mama Zeeshan alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe waliokuwa wanaitengeneza walinyanyuka wakaenda kula, hawakurudi!"

Akamwamuru Doto amtembeze yule mtu kila kona, saa nzima. Kesho yake kaseti haikuwaka. Baadaye fundi aliokoa hatua tano. Hatua ya sita haipo tena. Walioona nyuma ya ule mlango ni watu watatu, na sasa wamebaki wawili.

"Nilikasirika," anakiri Zeeshan. "Nikamuuliza kama anajuta. Akasema, 'Si umeona kuna nini? Atakayeuliza, mwambie.'"

Zeeshan, Doto, na wote mliocheza nyuma ya lile duka, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze Mama Zeeshan mahali pema.

Hapa studioni tumebishana tangu asubuhi. Wenzangu wanasema aliharibu hazina ya dunia. Mimi nasema dunia ilikuwa imeitupa kwenye boksi la takataka, na mtu mmoja wa Kalangalala ndiye aliyetaka kujua iliishia wapi. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjamhukumu, mjiulize: hicho mnachokitunza kisiguswe, mnamtunzia nani?